Usahihi wa Mifano Midogo ya Ndege za Kivita za Kijapani: Funzo kwa Mwanafunzi wa Lugha

Utangulizi

Kandokando ya barabara za katikati ya jiji la Nairobi, wachuuzi wa vitabu vikuukuu hutandaza bidhaa zao juu ya magunia na maturubali. Miongoni mwa riwaya zilizokunjamana na vitabu vya kiada vilivyopitwa na mtaala, mwandishi wa makala haya aliwahi kupata kisanduku cha vipande vya plastiki, vya kuunganishwa kwa gundi ili kuunda mfano mdogo wa ndege ya kivita ya Kijapani ya Vita vya Pili vya Dunia. Juu ya kisanduku paliandikwa kuwa ndege hiyo ni Zero, modeli ya 22, kwa uwiano wa 1:72. Nyumbani Kawangware, kabla ya gundi kufunguliwa, mabawa yalipangwa mezani na kupimwa kwa rula. Yalikuwa sentimita 15.3 kutoka ncha hadi ncha. Zero ya modeli ya 22 ilikuwa na mabawa ya mita 12, na mita 12 zikigawanywa kwa 72 hutoa sentimita 16.7. Kumbe vipande vile havikuwa vya modeli ya 22, bali vya modeli ya 32, ambayo mabawa yake yalikuwa ya mita 11. Jina lilisema hivi, kitu kikasema vile.

Huenda msomaji akauliza: sentimita moja na nukta nne ni nini hata ziandikiwe makala? Tena, ndege ya Kijapani inahusu nini chama cha wanafunzi wa Kiswahili? Makala haya yanalenga kujibu maswali hayo mawili. Yataeleza jinsi usahihi wa mifano ya aina hii unavyopimwa na mahali makosa yake yanapotoka, kisha yataonyesha kwamba suala hili lina mizizi katika historia yetu wenyewe. Hoja yetu kuu ni kwamba usahihi ni zao la ushahidi uliotafutwa, na ushahidi hupatikana pale tu ambapo mtu ameamua kwamba jambo linastahili kutafutwa.

Dhana ya mfano na uwiano

Katika Kiswahili, neno mfano hubeba maana mbili zinazokaribiana: jambo linalotolewa ili kufafanua jingine, na kitu kinachofanana na kingine. Mfano mdogo wa ndege hukusanya maana zote mbili. Hata hivyo, hutofautiana na pambo la kawaida la kuwekwa juu ya kabati, kwa kuwa una uwiano. Uwiano wa 1:72 ni ahadi kwamba kila sehemu ya mfano, ikizidishwa mara 72, itarudi kuwa sehemu ya ndege halisi. Asili ya idadi hiyo ni vipimo vya Kiingereza, ambapo inchi moja ya mfano husimamia futi 6 za ndege. Zipo pia 1:48 na 1:32, ambazo hutoa mifano mikubwa zaidi. Kampuni za Kijapani kama vile Tamiya na Hasegawa, zote za mkoa wa Shizuoka, pamoja na Airfix ya Uingereza na Eduard ya Ucheki, zimetengeneza Zero kwa uwiano mmoja au mwingine.

Dhana hii si ngeni kwa Waswahili. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ulitoweka baharini mapema katika karne ya 20. Leo mtu akitaka kujua umbo lake hutegemea picha, maelezo ya walioandika habari zake, na mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho ya pwani. Kitu halisi kinapokuwa kimekwisha, mfano huacha kuwa mchezo, hugeuka kuwa shahidi. Na shahidi hana budi kuhojiwa.

Usahihi ulipokuwa suala la uhai

Mifano ya ndege za Kijapani haikuanza kudaiwa usahihi na watu wa burudani. Mwaka wa 1942, mara tu Marekani ilipoingia vitani, jeshi lake la wanamaji liliomba shule za nchi hiyo zitengeneze mifano 500,000 ya ndege kwa uwiano wa 1:72. Mifano hiyo ilitumiwa kuwafunza marubani na wapiga mizinga kutambua ndege kwa umbo lake. Mpiga mizinga alikuwa na sekunde chache tu za kuamua kama kivuli angani ni cha rafiki au cha adui. Mfano wenye bawa lililokosewa ungemfundisha kosa, na kosa hilo lingeua.

Mwaka huohuo vita hivyo vilifika karibu nasi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tarehe 5 Aprili 1942, ndege zilizoruka kutoka manowari za Kijapani za kubebea ndege zilishambulia Colombo, na tarehe 9 zikashambulia Trincomalee, zote katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Zero ndizo zilizozilinda ndege za mabomu. Baada ya mashambulizi hayo, kundi la manowari za Kiingereza za Bahari ya Hindi lilihamishia makao yake Kilindini, Mombasa. Wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani nao walihamia Mombasa, wakafanyia kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Kwa hiyo, kwa muda fulani, mji wa Kiswahili ulikuwa kituo cha kusomea lugha ya Kijapani iliyofichwa. Ndege iliyofanywa mfano wa plastiki katika kisanduku cha Nairobi ndiyo iliyochangia kuzisukuma manowari hizo hadi kwenye mlango wa nyumba yetu.

Vipimo: kinachopungua na kisichopungua

Hatua ya kwanza ya kupima usahihi ni hesabu. Upana wa mabawa, urefu wa kiwiliwili na kipenyo cha gurudumu hupimwa kwa rula, huzidishwa kwa uwiano, kisha hulinganishwa na vipimo vya ndege halisi. Zero ya modeli ya 21 ilikuwa na urefu wa takriban mita 9.06, kwa 1:72 mfano wake unapaswa kukaribia sentimita 12.6. Mwenye rula haambiwi tazama.

Hata hivyo, hesabu pekee haitoshi, kwa maana si kila kitu kinakubali kupunguzwa. Bati la alumini lililofunika ndege lenye unene wa nusu milimita, likigawanywa kwa 72, lingekuwa jembamba mno, na hakuna kalibu ya plastiki inayoweza kulitoa. Kwa sababu hiyo ukingo wa bawa la mfano huwa mnene kupita kiasi: nusu milimita ya plastiki ni sawa na milimita 36 za ndege halisi. Vivyo hivyo, mistari inayoonyesha mabati yalipokutana huchorwa kwa upana wa sehemu mbili za kumi za milimita. Ukizidisha, utapata nyufa za upana wa zaidi ya sentimita moja, ambazo rubani asingethubutu kuruka nazo. Isitoshe, ribiti za Zero zilisawazishwa na bati ili ndege iteleze hewani, ilhali baadhi ya mifano huzionyesha kama vijishimo vinavyoonekana kutoka ng'ambo ya chumba.

Je, huo ni uongo? Mjenzi mzoefu atajibu kwamba mistari isipotiwa chumvi kidogo, jicho halitaiona, na mfano utaonekana kama kipande cha sabuni. Hapa mwanafunzi wa tafsiri atatambua tatizo lake mwenyewe. Anayefasiri neno kwa neno hutoa matini yenye vipimo sahihi lakini isiyo na sura, naye anayetia chumvi mno hutoa sura isiyokuwapo. Fundi wa kweli hujua ni wapi alipoongeza, na akiulizwa atasema.

Jina: sarufi ya tarakimu

Kosa la kisanduku chetu lilikuwa la jina, na katika jina kuna mengi ya kujifunza. Ndege hii iliitwa Zero kwa sababu ilipokewa jeshini mwaka wa 1940, ambao kwa kalenda ya kifalme ya Japani ulikuwa mwaka wa 2600. Tarakimu ya mwisho, sifuri, ikawa jina la aina. Baada ya hapo kila toleo lilipewa tarakimu mbili. Ya kwanza huonyesha umbo la ndege na ya pili huonyesha injini. Modeli ya 21 ni umbo la pili kwa injini ya kwanza. Modeli ya 32 ni umbo la tatu, lililokatwa ncha za mabawa, kwa injini ya pili. Modeli ya 22, iliyotokea baada ya ile ya 32, ni kurejea kwa umbo la pili lenye mabawa marefu, lakini kwa injini ya pili. Modeli ya 52 ni umbo la tano kwa injini ileile ya pili.

Mwanafunzi aliyezoea kuchanganua kitenzi kwa viambishi vyake hatapata taabu hapa. Kama vile a- na wa- visivyoweza kubadilishana bila kubadilisha maana, ndivyo 2 na 3 zisivyoweza kubadilishana mwanzoni mwa jina la Zero. Ncha za mabawa za modeli ya 21 zilikunjwa, sentimita 50 kila upande, ili ndege iingie katika lifti ya manowari. Ncha hizo zilipoondolewa ndipo mita 12 zikawa mita 11. Kwa 1:72 ni chini kidogo ya milimita 7 kila upande, na humo ndimo sarufi yote ilimofichwa.

Wapinzani wa Japani, kwa kuwa hawakuijua sarufi hiyo, walijitungia majina yao. Zero waliiita Zeke. Walipoiona ile yenye ncha zilizokatwa walidhani ni ndege mpya kabisa, wakaiita Hap, kisha Hamp. Kwa upande mwingine, ndege ya jeshi la nchi kavu iliyoitwa Hayabusa, yaani kozi, ambayo iliundwa na kampuni ya Nakajima, ilichanganywa mara nyingi na Zero. Kuchanganya huko kulieleweka: zote zilikuwa na injini za jamii moja, pua ya duara na mabawa ya chini. Lakini Zero ilikuwa na mizinga ya milimita 20 ndani ya mabawa, ilhali Hayabusa ilibeba bunduki mbili tu juu ya injini. Mfano wa Hayabusa wenye midomo ya mizinga kwenye mabawa ni sawa na sentensi ambayo kiima chake ni cha ngeli moja na kitenzi ni cha ngeli nyingine.

Rangi: neno lililobadilisha ndege

Kama vipimo vina rula, rangi haina. Kwa miongo mingi visanduku vingi vilimwelekeza mjenzi aipake Zero ya mwanzo wa vita kijivu hafifu kinachokaribia weupe. Ushahidi wa rangi hiyo ulikuwa picha zisizo na rangi na mabaki yaliyochomwa na jua la visiwa vya Pasifiki. Baadaye watafiti walichunguza vipande vya bati vilivyohifadhiwa kivulini, wakagundua kwamba chini ya ule utando wa chaki kulikuwa na kijivu kinachoelekea kijani cha zeituni. Weupe ulikuwa uzee wa rangi, na uzee huo ulichukuliwa kuwa ndiyo rangi yenyewe.

Mambo yalichangamka zaidi liliposomwa neno ameiro katika nyaraka za Kijapani za wakati wa vita. Iro ni rangi, na ame ni peremende ya Kijapani inayopikwa kutokana na wanga. Baadhi ya wajenzi walilifasiri neno hilo kwa peremende wanazozijua wao, za sukari iliyoungua, wakazipaka ndege zao hudhurungi. Lakini ame ya Kijapani yaweza kuwa na rangi hafifu ya asali iliyochujwa, na neno lenyewe lilieleza mwelekeo mdogo wa kijivu kile, si hudhurungi kamili. Kosa la tafsiri liligeuka kuwa ndege.

Ndani ya ndege nako kulikuwa na kosa la aina hiyo. Wajapani walitumia vanishi ya kuzuia kutu yenye rangi ya buluu-kijani inayong'aa, waliyoiita aotake, yaani mwanzi mbichi. Kwa kuwa ilionekana katika sehemu nyingi za ndani za mabaki, maelezo ya mifano ya zamani yaliagiza hata chumba cha rubani kipakwe aotake. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba chumba cha rubani cha Zero kilipakwa kijani kisichong'aa, na kwamba kijani hicho kilitofautiana kati ya ndege zilizoundwa na Mitsubishi na zile za Nakajima, kampuni iliyounda Zero nyingi kuliko Mitsubishi yenyewe.

Mashahidi na makosa yanayorithiwa

Kwa nini mambo haya hayakujulikana tangu mwanzo? Agosti 1945, Japani ilipokuwa ikisalimu amri, nyaraka nyingi za kijeshi zilichomwa moto, na ndege zilizosalia zikaharibiwa kwa wingi. Kati ya Zero zaidi ya 10,000 zilizoundwa, zilizobaki zinahesabika. Hata uhifadhi wenyewe waweza kufuta ushahidi. Mnamo Juni 1942 rubani Tadayoshi Koga alianguka katika kisiwa cha Akutan, Alaska, na kufa. Ndege yake, modeli ya 21, ikakutwa karibu nzima. Wamarekani waliitengeneza huko San Diego na kuirusha Septemba mwaka huo, wakajifunza udhaifu wake. Lakini kabla ya kuirusha waliipaka rangi na alama zao wenyewe.

Palipo na pengo la ushahidi, mtengenezaji huazima kwa mwenzake. Mchoro wenye kosa huzaa kalibu yenye kosa, kalibu huzaa maelfu ya mifano, na mifano hupigwa picha zinazotumiwa kama ushahidi wa mchoro unaofuata. Wahenga walisema lisemwalo lipo; katika uwanja huu, lisemwalo na wengi huenda lilisemwa kwanza na mmoja tu aliyekosea. Nani kati yetu hajaona fasili yenye kasoro ikihama kutoka kamusi moja hadi nyingine, hadi wingi wa kamusi ukachukuliwa kuwa ithibati?

Kutoka Kenyatta Avenue hadi Ngong Road

Mpaka hapa tumezungumzia waliokuwa juu angani na waliowaundia ndege. Sasa tuwatazame waliokuwa chini. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyojumuisha askari wa King's African Rifles, ambao Kiswahili kiliwaita Keya, ilipigana na Wajapani nchini Burma. Ilipita bonde la Kabaw wakati wa masika hadi Kalewa, iliyotekwa Desemba mwaka huo. Hayabusa ndiyo iliyokuwa ndege kuu ya kivita ya jeshi la nchi kavu la Japani katika uwanja huo. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa miongoni mwa Wakenya waliopigana Burma. Hapa nyumbani, gazeti la Kiswahili la Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 1939, liliwaletea wasomaji habari za vita. Lugha ya mawasiliano jeshini ilikuwa Kiswahili chepesi cha Keya, ambacho wanaisimu hukiita KiKAR.

Msomaji aliye Nairobi anaweza kuifuata kumbukumbu hiyo kwa matatu. Katika Kenyatta Avenue, katikati ya jiji, imesimama Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka wa 1928: wanaume watatu wa shaba, yaani askari wa Keya, mpiganaji Mwarabu na mpagazi, kwa kumbukumbu ya Vita vya Kwanza. Mchongaji, James Alexander Stevenson, hakupuuza vazi wala silaha. Lakini watu wale hawana majina. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika vita hivyo bila kukumbukwa kwa majina, au bila kukumbukwa kabisa. Ukiendelea magharibi kwa Valley Road na kuingia Ngong Road, ukapita Dagoretti Corner, utafika kwenye Makaburi ya Vita ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1941. Huko mambo ni tofauti kwa kiasi: makaburi karibu 2,000 ya vita vya pili, na karibu yote yana majina.

Linganisha sasa na kisanduku cha plastiki. Ndani yake kuna karatasi ya alama za kubandika, na mara nyingi utakuta namba ya mkiani ya ndege moja mahususi, kama vile V-103 inayohusishwa na rubani Saburo Sakai. Watu wamebishana miaka mingi kuhusu namba kama hizo, rangi ya utepe na upana wa mstari. Hatuwalaumu, subira yao ni ya kupigiwa mfano. Tunachosema ni kwamba ribiti ya ndege ilipata mtafiti, ilhali mpagazi hakupata karani. Tofauti hiyo haikusababishwa na uchache wa ushahidi peke yake, kwa maana ushahidi wa ndege pia ulichomwa. Ilisababishwa na nani aliyeona fahari kutafuta.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usahihi wa mfano mdogo hupimwa kwa vipimo, jina, rangi na chimbuko la ushahidi, na kwamba kila kipengele kati ya hivyo kina ndugu yake katika taaluma ya lugha: tafsiri, mofolojia, semantiki na uhakiki wa matini. Yapo mambo matatu tunayoweza kuazima kwa wajenzi hawa. Kwanza, tusiamini jalada kabla ya kupima kilichomo. Pili, tukiona dai limerudiwa na wengi, tuulize nani alilisema kwanza na aliona nini. Tatu, tuandike wazi pale tulipokisia, ili atakayetufuata ajue pa kuanzia.

Juu ya yote, tuchague cha kutafuta. Familia nyingi za Nairobi bado zina nishani, picha au barua za jamaa aliyekwenda Burma, pamoja na maneno ya KiKAR yaliyosalia katika masimulizi ya nyumbani. Waliokuwa huko karibu wote wamekwisha kutangulia, na rangi ya kumbukumbu zao inaendelea kupauka kama ile ya Zero juani. Mwanafunzi wa Kiswahili anaijua lugha waliyoamrishwa na kuimbia. Kwake, kinasa sauti na daftari vyatosha kuanza.

Ama ule mfano wa Kawangware, umekwisha kuunganishwa na umesimama juu ya rafu. Jina la kisanduku limefutwa kwa kalamu, na chini ya bawa pameandikwa kwa herufi ndogo: modeli ya 32, ilipimwa.